Pole ya Mayasa

Kikwajuni, kwa Tahiya
9 Januari 2024

Mke mwenzangu Yusra,

Salamu zije na wewe uzipokee kwa mikono miwili, huko kwenye baridi yako. Mie mzima, goti tu, na goti si habari tena. Babaako Silima hajambo, gereji inakwenda, kaongeza tumbo. Kanambia nikwambie ule. Mie nakwambia usile sana, babaako mfano unao.

Uliniuliza, Bibi kwa nini barua, mtu si anapiga simu. Mwanangu, sikio la kulia limekufa na la kushoto liko njiani. Nikishika simu nnapiga kelele. Na nyumba ile unaijua, kati iko wazi toka chini mpaka juu, ukipiga chafya ukumbini, wa juu wanakwambia afya. Siku ile ulipopiga ukanuliza mambo ya watumwa, nnakujibu, mara namuona mke wa Suhail, wale wa juu, kajiinamia ukingoni: "Bi Mize, watumwa wepi hao?" Nkakata. Sikukata kwa mtandao, nlikata mie.

Basi nimekuja kwa shoga yangu Tahiya, nimepanda ngazi za fleti yao na goti hili hili. Tahiya karani wa serikali miaka thalathini, mkono wake mwepesi, ila nikimwambia futa anajifanya na yeye kiziwi. (Sifuti. T.) Unaona?

Sasa habari. Mayasa amefariki. Mayasa wa uwani, aliyekuwa akikupa kashata ukirudi chuo cha Kurani. Jumatano ya mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, nimekwenda kumgongea nimpe chai, hakuitika. Nimemkosha mie, na wanawake wawili wa mtaani. Mwepesi kama kanga iliyokauka. Msiba ulikuwa mdogo, hana mume, hana mtoto. Watu wakija mlangoni wanauliza, "Mfiwa nani, tumpe pole?" Mwisho nkasema mfiwa mtaa mzima, kaeni mnywe kahawa.

Siku ya nne tu, matandiko ya msiba hayajaanuliwa, Suhail kashuka na futikamba. Anapima chumba cha Mayasa. Akamaliza akaja ukumbini kwangu, akaanza kupima na mie nimekaa.

"Suhail, unapima nini?"

"Bi Mize, Mayasa alikuwa wa mwisho."

"Wa mwisho wa nini?"

"Wa kizazi cha Zafarani. Si unaijua karatasi ya wakfu? Juu ni ya watoto wa mwenye nyumba. Chini ni ya Zafarani, mjakazi wake aliyemuacha huru, na kizazi chake mpaka kikatike. Kikikatika, chini inarudi juu. Mayasa ndiye mjukuu wa Zafarani, keshakufa. Kimekatika."

"Na mie?"

"Wewe si wa juu? Si ndivyo unavyosema siku zote?"

"Ndivyo."

"Basi mimi shajara ya ukoo wa juu ninayo, Bi Mize. Jina lako nimelitafuta sikuliona."

Akavuta futikamba yake ikarudi ndani, tarrr, akapanda zake.

Yusra, mie nimelelewa juu. Mama yangu kafa nnazaliwa. Mke wa Mbarouk, yule babu yake huyu Suhail, ndiye aliyenlea. Nikafika miaka kumi na nne yeye akafa, wakanambia shuka chini kwa muda. Kwa muda! Nimeolewa na babu yako Mtumbatu nikiwa chini, nimemzaa babaako chini, lakini kila sikukuu nnapanda juu nnakula juu. Mtu wa chini hali juu. Na ushahidi nnao. Humu nimetia cheti cha ndoa cha mama yangu. Walii aliyemuoza ni Mbarouk mwenyewe. Mtu haozi ila damu yake. Kimeandikwa kwa hati za Kiarabu za zamani na mende washakula yao. Nikimpa sheikh yeyote hapa mjini, kabla ya alasiri Suhail keshajua. Mtafute mtu huko akisome, akiandike vizuri, unirejeshee. Ndicho hicho kimoja, sina chengine.

Na lile suali lako, ati mtoto wa mtumwa kwetu alikuwa nani. Mie n'tajuaje? Waulize waliokuwa na watumwa.

Ni mimi bibi yako na mke mwenzako,
Mize binti Jaku

---

Richmond, Virginia
27 Februari 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya goti pia. Barua yako imezunguka wiki sita. Mimi mzima, baridi kali, nimenunua soksi za mwanamme.

Habari ya Mayasa imeniliza kwenye basi, watu wakanitizama. Unajua alikuwa akiniita "mjukuu wangu"? Nilidhani anawaita hivyo watoto wote. Leo nimekaa nawakumbuka watoto wa mtaa, simkumbuki mwengine aliyemwita hivyo.

Cheti nimekipata. Kuna mwalimu wa Kiarabu, Mhadhrami, hapa chuoni, mtu mzima, kazi yake hati kama hizo. Kaniomba muda, anasema wino umekimbia.

Bibi, suali langu halikuwa la kukuchokoza, ndilo somo langu. Nnasoma vipi Waingereza walivyoanzisha makaazi huku, miaka mia tatu na zaidi iliyopita, kabla hakujaitwa Marekani. Watu wanadhani palikuwa pamoja, kumbe kila upande na mambo yake. Kaskazini walikuja na wake na watoto, wakajenga vijiji, nyumba zimezunguka nyumba yao ya ibada, kila mtu anajua jirani kapika nini. Watoto wakifundishwa kusoma, anayezaliwa na anayekufa anaandikwa. Huku Virginia walikuja vijana wanaume wengi, wamejifunga kumtumikia tajiri miaka minne, mpaka saba, ndio waachiwe. Wakilima tumbaku, kila shamba mbali na jenziwe kwenye mito. Wengi wakifa kabla ya muda wao. Waafrika walioletwa mwanzo, wengine waliweza kutoka, wakawa na ardhi na ng'ombe wao. Kisha mlango ukaanza kufungwa, sheria baada ya sheria.

Sheria iliyonikaa kooni ni ya mwaka 1662. Ilisema mtoto atakuwa huru au mtumwa kwa kumtizama mama yake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba akiwa ndiye tajiri mwenyewe. Na kaskazini usidhani walikuwa malaika, na wao walikuwa na watumwa, ila wachache, ndani ya nyumba, jikoni.

Ndiyo maana nilikuuliza ya kwetu. Sina mtu mwengine wa kumuuliza.

Mjukuu wako,
Yusra

---

Kikwajuni, kwa Tahiya
24 Machi 2024, Ramadhani

Mke mwenzangu,

Ramadhani imetukuta wazima. Nimefunga zote mpaka leo, daktari kasema nisifunge, nimemwambia nimemsikia. Kusikia nimesikia. Babaako kanletea tende boksi zima, nimempa Tahiya nusu, ndo maana leo anaandika bila ya kuguna.

Barua yako Tahiya kanisomea mara tatu. Hivyo vijiji vya kaskazini nimevifahamu, hivyo ndo Tumbatu kwa babu yako, ukivaa kanga mpya asubuhi adhuhuri kisiwa kizima kinajua umeinunua wapi. Na hayo mashamba ya tumbaku nimeyafahamu, badala ya tumbaku tia karafuu. Lakini hiyo sheria! Mtu anazaa mtoto na mjakazi wake kisha anamuuza? Mwanawe? Kha! Kwetu bwana akizaa na suria, mtoto ni wa baba, anakuwa bwana kama ndugu zake, anakaa juu, hakuna wa kumuuliza mama yako nani. Mama hatajwi. Tizama vyeti vyetu, mtu anaandikwa binti fulani bin fulani, mama hayumo. Kwetu uungwana ulikuwepo.

Tahiya kaweka kalamu chini. Kanambia, "Na mtoto wa mjakazi aliyezaa na mtumwa mwenziwe, Mize? Huyo naye alikaa juu?" Nkamwambia wewe kazi yako kuandika. Basi kaandika na hilo.

Suhail sasa kabadilika, kawa asali. Anasema kwa vile sisi jamaa, hawezi kuniacha. Kanitafutia nyumba Fumba, kwenye hiyo miji mipya, ina maji ya bomba, ina lifti, ati goti langu litapumzika. Na mkewe ananiteremshia futari kila siku, sambusa, tambi, kaimati. Miaka ishirini yuko nyumba ile, sambusa yake sijawahi kuiona mpaka mwaka huu. Tamu, sitosema uongo.

Anachotaka nitie kidole gumba kwenye karatasi. Nimempa Tahiya kaisoma. Inasema: "Mize binti Jaku ni jamaa wa watu wa juu, amekaa chini kwa ihsani yao, na sasa anaondoka kwa ridhaa yake."

Jamaa wa watu wa juu. Imeandikwa, Yusra. Tangu nna akili zangu nnalingoja neno hilo mtu aliandike. Wallahi kidole kilikuwa kinaniwasha.

Nimemwambia ningoje cheti changu kirudi. Kasema, "Cheti cha nini tena, Bi Mize, na mimi nshakuandika?" Kweli, cha nini? Lakini nimemwambia angoje.

Nlikuwa ntakwambia jambo. Sikukuu nikipanda juu, nguo mpya, udi, Mayasa anakuwa uwani anaosha masufuria ya juu. Siku moja, mimi na yeye tushakuwa watu wazima, nashuka na sahani yangu ya biriani, kasimama chini ya ngazi, akanambia

(Hapa Bi Mize kanambia nisiandike. Kalia kidogo, kisha kaomba maji na kakumbuka kuwa kafunga. Sikuandika. T.)

Basi. Idd njema mapema. Huyo Mhadhrami wako asilale.

Mize binti Jaku

---

Richmond, Virginia
29 Aprili 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Idd imepita huku kama siku ya kazi. Tulisali ukumbini kwenye skuli ya watu, nikapika pilau moja mbichi, wenzangu wakanisifu kwa huruma.

Mwalimu kamaliza cheti. Nimekaa na barua hii siku tisa. Nnakuandikia kama kilivyo.

Bibi harusi: Thuwaiba binti Baraka. Muoaji: Jaku. Walii: Mbarouk, na baada ya jina lake pana maneno mawili, "kwa walaa". Nilimuuliza mwalimu maana yake. Kanieleza kuwa mtu akimuacha huru mtumwa wake, unabaki uhusiano baina ya nyumba mbili, ndio walaa. Aliyeachwa huru, au mwanawe, akitaka kuolewa na hana baba wala ndugu wa kiume, anaozwa na nyumba iliyowaacha huru. Haozwi kwa damu. Angekuwa wa damu yao, pangeandikwa ammi yake, au binamu. Pameandikwa walaa.

Kwa hiyo Baraka, babu yako, alikuwa mtumwa wa nyumba ile. Mke wake alikuwa nani, Bibi? Cheti hakisemi. Ulivyonambia mwenyewe, mama hayumo.

Huku Virginia palikuwa na mwanamke, mama yake mtumwa, baba yake Mwingereza. Mwaka 1656 alisimama mahakamani, akataja mbele ya watu baba yake nani, watu wazima wakashuhudia, akashinda, akawa huru. Miaka sita baadaye ndipo ikaja ile sheria ya kumtizama mama, asipate mwengine kupita mlango ule. Nnamfikiria sana kusimama kwake. Mambo ya kitandani kwa mama yake, kayasema mbele ya mahakama nzima ya wanaume.

Kwako wewe mlango umekaa upande wa pili. Huku ukimtaja mama mlango unafungwa. Hapo nyumbani, nnavyoifahamu karatasi ya wakfu, ukimtaja mama wa mama yako unabaki kwenye ukumbi wako.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Yusra

---

Kikwajuni
2 Julai 2024

Yusra,

Barua yako imefika. Mvua za masika zilikuwa kubwa, ukuta wa uwani umelowa, chokaa imeanguka. Idd ya Mfungo Tatu, ya kuchinja, nimepanda juu, nimekula juu, nimekaa karibu na mke wa Suhail. Babaako hajambo.

Sikukutuma unisomee maisha yangu. Nimekutuma karatasi. Mie herufi sizijui, lakini maneno hayo mawili nnayajua tangu niko mtoto wa miaka tisa, sikungoja Mhadhrami wa Marekani. Huyo mwanamke wa Virginia kamtaja baba Mzungu, nani asingemtaja? Angekuwa na kijakazi cha kutaja tungemuona.

Na mie usinitie kwenye daftari lako. Karatasi yangu nirejeshee.

Mize

(Yusra mwanangu, mimi Tahiya. Haya nayaandika yeye kaenda kutia udhu, na nikimaliza ntamsomea, sitaki siri na shoga yangu. Watu wa wakfu wameweka siku, Jumatatu tarehe 5 Agosti, saa tatu. Suhail anataka kidole kabla ya hapo. Hajatia, na hajakataa. Mchana kutwa anakaa kwenye chumba cha Mayasa, mlango wazi. Sanduku la marehemu liko mbele yake, halifungui. Cheti kilete upesi, kwa mtu, si kwa posta, kama barua hii niliyompa msafiri. T.)

---

Boston, Massachusetts
16 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo, hata kama huitiki. Nimempa barua hii mtu anayesafiri kesho kuja Unguja. Cheti kimo ndani ya plastiki pamoja na nakala safi ya mwalimu, asivikunje.

Kwenye daftari langu wewe humo tena. Nimekufuta mbele ya mwalimu wangu, ukurasa mzima. Ukitia kidole, mimi ni mjukuu wako. Usipotia, mimi ni mjukuu wako.

Nimekuja kaskazini kusoma vitabu vya zamani vya kanisa. Wanakijiji wote wameandikwa, fulani mwana wa fulani, kazaliwa, kaoa, kafa. Kisha mstari mmoja: mwanamke mweusi wa bwana fulani, kafa. Jina hapana. Nyumba zao ziligusana, wakijuana mpaka harufu ya chungu, na jina hapana. Nimekaa na mstari ule mpaka wakaja kufunga. Nikawa najiuliza siku ile nani alikaa msibani kwake.

Suali moja tu, na usipotaka usijibu. Mayasa alikuwa nani wako?

Yusra

---

Kikwajuni, kwa Tahiya
11 Agosti 2024

Mke mwenzangu, mjukuu wangu, jicho langu,

Marahaba. Marahaba zote ulizonidai, zipokee. Mie mzima. Goti bado. Babaako kaja, kakaa na mie siku mbili, nimemwambia kila kitu, kanambia, "Mama, na miaka yote hiyo unanikataza kucheza uwani?" Nkamwambia ndio. Kacheka, kisha kaenda nje akakaa barazani peke yake. Tahiya leo kanambia hafuti hata nikimpigia magoti. Andika, Tahiya, leo sitosema futa.

Cheti kilifika Alkhamisi. Nimekiweka kitandani kwa Mayasa. Nkafungua sanduku lake. Kanga nne, sabuni ya kukoshea maiti kajinunulia mwenyewe, na bahasha. Ndani ya bahasha cheti. Cha ndoa ya mama yake. Hati ile ile, mende wale wale. Nimeviweka sambamba, mie sijui kusoma lakini macho nnayo, nkaona mahala pamoja maneno yamekaa umbo moja. Nkampelekea Tahiya. Kaigezea nakala ya Mhadhrami wako, herufi moja moja kasoma: binti Baraka. Na hichi binti Baraka. Walii Mbarouk, kwa walaa. Na hichi Mbarouk, kwa walaa.

Mayasa alikuwa na karatasi hiyo siku zote, Yusra. Siku yoyote angeweza kuipeleka barazani akawaambia watu, tizameni Mize wa juu ni nani.

Sasa n'takwambia alichonambia pale chini ya ngazi, na sahani yangu ya biriani. Alinambia, "Dada, nibakishie ukoko." Basi. Dada. Kwa sauti ndogo, juu wasisikie. Nami nlimwambia nini? Nlimwambia, "Dada yako nani?" Nkapita. Hakuniita tena. Miaka hamsini na kitu, ananipa chai, ananishika mkono nikiteleza, ananiita Bi Mize. Wewe akakuita mjukuu, hilo sikumkataza, nlijifanya sisikii.

Mayasa alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Zafarani bibi yetu sote wawili. Ndo hivyo. Ushajibiwa.

Jumatatu nimekwenda kwa watu wa wakfu. Babaako alitaka kunichukua kwa gari, nkamwambia Tahiya ananitosha. Suhail yupo, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, mkewe yupo. Karatasi ya kidole mezani, na kile kisanduku cha wino kiko wazi. Bwana wa pale mtu wa heshima, kijana kwangu, miwani.

"Bibi, shikamoo. Jina lako?"

"Marahaba. Mize binti Jaku."

Suhail akarukia: "Sheikh, huyu jamaa yetu wa juu. Ametulelea watoto. Hana neno, anatia kidole tu."

Bwana yule akamtizama, akasema, "Nimemuuliza yeye. Bibi, nyumba ile wewe uko upande gani?"

Yusra, nligeuka nkatizama nyuma. Watu wako wengi, wa kesi nyengine, wamekaa kwenye mabenchi, nnawajua, wananijua, miaka wananiita Bi Mize wa kwa Mbarouk. Nkamuona yule mwanamke wako wa Virginia mbele ya wanaume wake. Nkasema moyoni, yeye kamtaja baba apate kutoka. Mie namtaja bibi nipate kubaki.

Nkasema, "Wa chini."

"Bi Mize!" Suhail huyo. "Umri, sheikh. Amechoka."

"Nimechoka ndio. Nimechoka na ngazi zako." Watu wakacheka, mie sikucheka. "Andika, bwana. Mama yangu Thuwaiba binti Baraka. Baraka mtumwa. Mke wake Zafarani, mjakazi, huyo aliyemo kwenye karatasi yenu ya wakfu. Nduguye mama yangu ndiye mama yake Mayasa. Vyeti hivi hapa, viwili."

Kaviweka mbele yake, kimoja ubavuni mwa chenziwe. Kasoma, karudia. Kamwita mzee mmoja wa pale, na yeye akasoma. Kisha akamwambia Suhail, "Babu yako huyu?"

"Ndiye."

"Kawaoza wote wawili kwa walaa, binti Baraka wote wawili. Na kwenye majina ya wakfu Baraka ndiye mume wa Zafarani. Kizazi hakijakatika. Huyu hapa amekaa mbele yako."

Suhail hakupiga kelele, hilo nampa haki yake. Alinigeukia akauliza polepole, kama mtoto, "Kwa nini hukusema, Bi Mize, miaka yote hii?"

"Ningesema," nkamwambia, "sikukuu ningekula wapi?"

Mkewe akatizama chini.

Basi imeandikwa. Chini yote, ukumbi na chumba cha Mayasa na uwani, ni yangu mie na babaako na wewe na mtakaowazaa. Futikamba haishuki tena. Na ngazi wametia mlango, Yusra, wa mbao mpya, una kufuli. Sambusa hazishuki. Mtaani wapo walioacha kuniamkia, na yupo mmoja, sitomtaja, kanipita sokoni akasema kwa nguvu, "Kumbe!" Nimesikia, na sikio langu hili hili. Sitokwambia hainiumi. Inaniuma. Sikukuu ijayo n'takula uwani.

Daftari lako, nirejeshe ndani. Liandike jina langu zima, na la Zafarani liandike kabla ya langu, na la Mayasa lisiwe mstari mtupu kama wa yule mwanamke wa kanisani.

Tulipotoka kule, Tahiya hakunipeleka kwangu. Kanileta hapa, kanitandikia mkeka, kanikalisha, kanifunika kanga kichwani. Nkamuuliza unafanya nini? Katoka nje, kafunga mlango, kisha kaupiga hodi. Nyumba yake mwenyewe! Nkasema karibu. Kaingia kama mtu aliyetoka mbali, kaja kanishika mkono kwa mikono yake miwili, kasema, "Pole, Mize. Pole kwa kufiwa na nduguyo."

Miezi minane, Yusra, na hakuna aliyenambia hilo, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni langu.

"Nshapoa," nkamjibu, kama watu wanavyojibu.

Sijapoa. Ndo kwanza nimefiwa.

Bibi yako,
Mize, mjukuu wa Zafarani